Springi Mpya, Chesisi Kuukuu: Kipi Kinafaa Land Rover ya Zamani?

Anayefufua Land Rover 109 ya miaka ya sabini hakosi washauri. Fundi mmoja humwambia aongeze pleti, gari litainuka. Mwingine humwambia springi za asili zimepitwa na wakati, atafute paraboliki. Wa tatu, aliyezoea Defender, humshauri ahamie koili moja kwa moja. Muuza spea naye anazo za mtumba, tena anaapa kuwa zimetoka kwenye gari zima kabisa. Wote husema kwa uhakika, na kila mmoja anaweza kuonyesha gari lililofanyiwa hivyo na bado linatembea.

Mkanganyiko huo una sababu. Kila mshauri hujibu swali la springi peke yake, kana kwamba springi hufungwa kwenye chuma kipya. Kumbe katika gari lenye umri wa miaka arobaini au hamsini, hasa lililoishi Tanga, Mombasa au Unguja, springi ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni hali ya chuma kinachoishikilia. Uchambuzi huu unapitia njia tano zinazotajwa sana, unapima faida na hasara za kila moja, kisha unaonyesha ipi inafaa gari la namna gani.

Bodi nzima, mifupa iliyooza

Land Rover ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgawo, ndiyo maana bodi yake ilitengenezwa kwa aloi ya alumini iitwayo Birmabright. Chesisi ilibaki ya chuma: mabamba yenye unene wa karibu milimita 2, yakachomelewa kuwa maboksi marefu yaliyo matupu ndani. Mpangilio huo ulidumu hadi Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985 katika vipimo viwili, inchi 88 na inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma.

Afrika Mashariki iliyapokea magari hayo kwa mikono miwili. Polisi, idara za wanyamapori, misheni na ofisi za wilaya ziliyatumia, na nchini Kenya yaliunganishwa Thika, katika kiwanda kilichojulikana wakati huo kama Leyland Kenya. Mengi bado yapo, na bodi zao ndizo zinazowaponza wanunuzi. Alumini haipati kutu nyekundu kama chuma. Gari hupigwa rangi, likang'aa, mnunuzi akalizunguka mara mbili na kuridhika, wakati huku chini boksi la chesisi limeliwa kutokea ndani kuja nje.

Kutu ya ndani ndiyo mbaya zaidi kwa sababu haionekani hadi ifike mwisho. Tope huingia kwenye boksi kupitia matundu ya kutolea maji, huyaziba, na kisha hukaa na unyevu miezi mingi. Pwani, hewa ya bahari huongeza chumvi. Bara nako si salama kote: tope la kandokando ya Natron lina magadi na chumvi, na gari la safari lisilooshwa chini hubeba mzigo huo nyumbani.

Njia ya zamani ya kukagua ni nyundo ndogo. Gari likiwa juu ya stendi, fundi hugonga chesisi kuanzia mbele kurudi nyuma, akisogea sentimita chache kila mara. Chuma kizima hulia sauti kavu na nyundo huruka mkononi. Palipooza sauti huwa nzito na ya kufa, chuma hubonyea, na magamba ya kutu humwagika kutoka kwenye matundu. Sehemu za kugongwa kwa makini ni vikono vinavyoshika ncha za springi, mikono ya pembeni inayobeba bodi, na boriti ya nyuma kabisa. Kipimo hiki hakigharimu chochote, na majibu yake ndiyo yanayopaswa kutangulia safari yoyote ya dukani.

Kilichochoka ni kipi hasa?

Springi za asili za Land Rover hizi ni za pleti, yaani vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kubanwa katikati kwa bolti. Kazi zake ni mbili kwa mpigo. Kwanza hubeba uzito. Pili huishikilia ekseli isiende mbele, nyuma wala pembeni. Ncha zake hukaa kwenye bushi za mpira, na ncha mojawapo huning'inia kwenye sheko ili springi ipate nafasi ya kurefuka inaponyooka. Shokapu haibebi uzito wa gari. Kazi yake ni kutuliza mrukoruko.

Malalamiko ya "springi zimekufa" huficha magonjwa matatu tofauti. La kwanza ni springi iliyolala: chuma kimechoka, upinde umepotea, gari limekaa chini au limeinama upande mmoja. La pili ni springi iliyogandamana. Kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo ikijijenga kati ya pleti huzitanua na kuzikamata zisiteleze. Springi ya namna hiyo bado ina nguvu, tena imezidi, kwa sababu rundo zima limekuwa kama chuma kimoja kinene. Gari hurusha abiria kwenye kila shimo na mwenyewe hudhani limechakaa. La tatu ni bushi na sheko zilizolika. Hapo gari hugonga chini na kutangatanga barabarani hata kama springi zenyewe ni nzima.

Kuyatofautisha si kazi ngumu. Urefu kutoka ekseli hadi chesisi ukipimwa kila upande gari likiwa tupu kwenye sakafu sawa, springi iliyolala hujionyesha. Gari likisukumwa chini kwa nguvu na pleti zisisogee hata kidogo, zimegandamana. Nondo ikiingizwa karibu na sheko na kuinuliwa, bushi iliyokufa hucheza waziwazi.

Kuna jambo moja linaloponyoka macho ya wengi. Springi za kushoto na kulia za gari hili si lazima zifanane. Upande wa dereva hupewa upinde mkubwa zaidi kwa sababu ndio unaobeba uzito zaidi muda wote. Aliyefunga mbili zinazofanana, au aliyezibadilishana pande kwa kutojua, atasumbuka na gari linaloinama na kuilaumu chesisi bure.

Njia ya kwanza: kuzikunja upya na kuongeza pleti

Hii ndiyo njia ya gereji nyingi, na umaarufu wake una msingi. Ni ya bei nafuu, inafanyika siku hiyohiyo, na haihitaji spea kutoka nje. Springi hufunguliwa, pleti husuguliwa kutu, zilizolala hukunjwa upya, kisha rundo hufungwa tena likiwa limepakwa grisi. Kwa ugonjwa wa pili, ule wa kugandamana, hatua ya kufungua na kusafisha peke yake huweza kumaliza tatizo. Mwenye gari aliyekuwa tayari kutupa springi zake hugundua zilikuwa nzima.

Udhaifu uko kwenye moto. Chuma cha springi hupata nguvu yake kiwandani kwa kupashwa, kupozwa ghafla na kupashwa tena kwa kiwango kinachodhibitiwa. Fundi anayekitia kwenye mkaa mpaka kiwe chekundu, akakikunja na kukiacha kipoe chenyewe, amekilainisha. Kitakaa juu kwa wiki chache kisha kitalala tena. Akikitumbukiza kwenye maji, kitakuwa kigumu lakini chepesi kukatika. Kukunja bila moto, kwa nyundo au kwa presi, ni salama zaidi, ingawa hakuondoi uchovu wa miaka.

Kuongeza pleti ni suala jingine. Gari linaloshindilia abiria na magunia linahitaji nguvu ya ziada, na pleti moja huitoa. Ila pleti hiyo haijui lini gari ni tupu. Hufanya kazi muda wote, na mshtuko usiomezwa na springi hupelekwa kwenye vikono vya chesisi. Kwenye chesisi nzima hasara ni kutikiswa tu. Kwenye chesisi iliyooza, kila shimo la barabara linakuwa pigo moja zaidi kwenye mahali dhaifu. Tena pleti za Land Rover hizi zina upana wa inchi 2.5, na pleti iliyochomolewa kwenye pikapu nyingine haikai sawa. Hujipinda chini ya yubolti na kuwala majirani zake.

Njia ya pili: springi za mtumba

Springi iliyotoka kwenye gari jingine ina mvuto wa bei, na wakati mwingine ina mvuto wa asili, kwa sababu chuma cha kiwandani cha zamani kina sifa nzuri. Lakini mnunuzi wa springi ya mtumba hununua historia asiyoijua. Uchovu wa chuma hauonekani kwa macho. Ufa unaoanza kwenye tundu la bolti ya katikati hufichwa na pleti ya juu. Kama gari lililotoa springi hiyo lina umri uleule na liliishi pwani ileile, mnunuzi amehamisha kutu kutoka gari moja kwenda jingine.

Mtumba una mahali pake: sehemu nzito zisizochoka haraka, kama bamba la chini linalobanwa na yubolti, au springi moja ya kulifanya gari liweze kusogezwa wakati kazi kubwa ikiendelea. Kuinunua kama suluhisho la kudumu ni kuilipia kazi ileile mara mbili, kwa sababu gharama kubwa ya kubadilisha springi kwenye gari lenye kutu ni kuzifungua.

Njia ya tatu: springi mpya za kipimo cha asili

Hizi hutengenezwa bado kwa kufuata vipimo vya kiwanda, kila moja kwa aina ya gari, upande na ekseli yake. Faida yake kubwa ni kwamba hazidai mabadiliko yoyote. Zinaingia palepale, zinarudisha kimo kilekile, pembe za propela shafti hazibadiliki, na mabomba ya breki yanatosha. Pleti zake nyingi ni bima pia: ikikatika moja porini, nyingine zinaweza kulifikisha gari mjini polepole.

Msuguano kati ya pleti, unaolaumiwa kwa kufanya gari kuwa gumu, una kazi yake. Husaidia kutuliza mruko, hivyo shokapu zinazoanza kuchoka haziliachi gari likichezacheza ovyo. Kwa gari la shamba, la mizigo au la abiria wengi, huo ni wema mkubwa.

Hasara ni mbili. Ya kwanza ni matunzo: pleti zisipopakwa grisi au mafuta kila baada ya muda, hasa pwani, kutu hurudi na kuzigandamanisha upya. Ya pili ni ubora usiolingana. Springi zenye umbo moja huuzwa kwa bei zinazopishana sana, na tofauti iko ndani ya chuma, isikoonekana. Dalili za kutiliwa shaka zipo: upinde usiolingana kati ya springi mbili za namba moja, kingo zilizoachwa na makali, bolti ya katikati iliyokaa kombo, na boksi lisilo na namba ya spea. Tanzania ina Tume ya Ushindani na Kenya ina Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, lakini msako haumkingi mnunuzi siku anapolipa. Kinga yake ya karibu ni kulinganisha springi mbili zikiwa zimelazwa sakafuni kabla hajatoa pesa.

Njia ya nne: paraboliki

Springi ya paraboliki nayo ni ya pleti, ila chache, mara nyingi mbili au tatu. Kila pleti ni nene katikati na hupungua unene kuelekea nchani, na pleti hugusana katikati na mwishoni tu. Si teknolojia ya majaribio. Malori ya Ulaya, zikiwemo Scania zinazopita kila siku kati ya Dar es Salaam na mipaka ya bara, huitumia kwa wingi. Kwenye Land Rover hubadilisha tabia ya gari waziwazi. Gari tupu haliruki ovyo tena, magurudumu hufuata ardhi, na uzito wa springi zenyewe hupungua.

Kwa upande wa kutu, paraboliki ina sifa inayostahili kutajwa zaidi kuliko inavyotajwa. Kwa kuwa pleti zimeachana kwa urefu mwingi, maji na tope havipati mahali pa kujificha, na brashi ya rangi hufika karibu kila mahali. Ule ugonjwa wa kugandamana haupo. Tena mshtuko mdogo unaofika kwenye chesisi ni nafuu kwa vikono vyake.

Hata hivyo, anayenunua paraboliki hanunui springi peke yake. Msuguano ukiondoka, kazi yote ya kutuliza huangukia shokapu, na zile za zamani hazitoshi. Zinahitajika ndefu zaidi na zenye nguvu zaidi, la sivyo gari litayumba kwenye kona na kunesa baada ya kila tuta. Springi nyingi za aina hii pia hulipandisha gari, hivyo mabomba ya breki na pembe za propela shafti hukaguliwa upya. Na pale penye pleti mbili, kukatika kwa moja ni jambo zito. Anayebeba mzigo uliozidi kipimo, kama desturi ya magari mengi ya vijijini ilivyo, atazimaliza mapema kuliko springi za asili.

Njia ya tano: kuhamia koili

Hoja ya koili ina nguvu ya historia. Range Rover ya 1970 ilikuja na koili kwenye magurudumu yote manne na kuonyesha kwamba gari la porini linaweza kuwa laini. Land Rover yenyewe iliufuata mfano huo kwa 110 mwaka 1983 na 90 mwaka 1984, na familia hiyo, iliyopewa baadaye jina la Defender, iliendelea kutengenezwa Solihull hadi Januari 2016. Mwenye Series III huuliza, kwa haki kabisa: kama kiwanda kilihama, kwa nini asihame?

Jibu limo kwenye kazi mbili za pleti zilizotajwa mwanzoni. Koili hubeba uzito tu. Haiwezi kuishikilia ekseli. Kwa hiyo kila mahali ilipowekwa, kiwanda kiliongeza mikono mirefu ya kuvuta na kusukuma ekseli, fimbo ya kuizuia isiende pembeni, na kwa nyuma fremu yenye umbo la A iliyounganishwa juu ya difu. Vyote hivyo vina vikono vyake kwenye chesisi, mahali ambapo chesisi ya Series haina chochote. Ekseli nazo ni pana kuliko za asili. Kuhamisha koili ni kuchomelea vikono vipya vinavyobeba nguvu kubwa kwenye mabamba ya milimita 2 yaliyokwisha kupungua kwa kutu. Hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko zote zilizojadiliwa hapa.

Wapo wanaokwepa tatizo hilo kwa kuchukua chesisi nzima ya Range Rover au Discovery ya kwanza, zenye inchi 100 kati ya ekseli, na kuipandishia bodi ya Series. Kazi ikifanywa vizuri matokeo huwa mazuri. Lakini chesisi hizo nazo ni za chuma na zina umri wake, na kazi inayohitajika si ya springi tena. Ni kujenga gari jingine.

Dhana kwamba pleti ni ushamba nayo haisimami. Toyota ilipobadilisha Land Cruiser ya familia ya 70 mwaka 1999, iliweka koili mbele na kuacha pleti nyuma, na pikapu yake, ile 79, imeendelea hivyo. Waliotengeneza gari hilo walijua litabebeshwa nini.

Bushi, bolti na shokapu: panapopotea siku mbili

Bajeti nyingi huvunjikia hapa. Bushi ya asili ni mrija wa chuma ndani, mpira katikati, na mrija mwingine nje uliosukumwa kwa nguvu kwenye tundu la chesisi. Miaka ikipita, mrija wa nje hushikamana na chesisi na bolti hushikamana na mrija wa ndani. Fundi akizungusha bolti, mpira wote hujizungusha nayo. Hapo huanza kazi yenyewe: kukata vichwa vya bolti, kuuchoma mpira hadi utoke kwa moshi mweusi, kisha kuingiza msumeno wa chuma kwenye tundu na kuukata mrija uliobaki taratibu bila kulikata tundu lenyewe. Springi moja inaweza kula asubuhi nzima.

Bushi za plastiki ngumu, zinazoitwa poli, hujitetea kwa jambo moja: huingia kwa mkono, na wakati mwingine tundu lililolika kidogo huzikubali. Hasara yake ni ugumu, mlio zikikauka, na mtikisiko zaidi unaopelekwa kwenye chesisi. Bushi za mpira ni laini na kimya, lakini zina sharti ambalo gereji nyingi hulivunja. Bolti zake hazikazwi gari likiwa limening'inia. Gari hushushwa kwanza likae kwa uzito wake, ndipo bolti zikazwe. Zikikazwa hewani, mpira hubaki umejipinda tangu siku ya kwanza, na hupasuka mapema.

Shokapu zichaguliwe baada ya springi, si kabla. Kayaba na Monroe, majina yanayojulikana madukani, hutengeneza za magari mengi, na swali la kumuuliza muuzaji ni urefu wake zikiwa zimefungwa na zikiwa zimenyooka. Shokapu fupi hufika mwisho wake kabla ya springi, na kikono chake hung'oka. Kwenye chesisi yenye kutu, hung'oka na kipande cha chesisi.

Onyo moja la kuchomelea: springi ifunikwe au ifunguliwe kabla ya kazi. Cheche ya umeme ikitua kwenye pleti huacha doa gumu, na ufa huanzia hapohapo. Waya wa athi nao usibanwe kwenye springi.

Namba ya chesisi

Kwenye Series III namba ya chesisi hugongwa kwenye kikono cha springi ya mbele, upande wa kulia. Maana yake ni kwamba mojawapo ya sehemu zinazokatwa na kutupwa kwa sababu ya kutu ndiyo yenye utambulisho wa gari. Fundi asiyejua huikata, na mwenye gari hujikuta ana kadi isiyolingana na chuma. Anayebadilisha kikono hicho au chesisi nzima apige picha namba kabla ya kazi na kuuliza utaratibu mapema, TRA kwa Tanzania na NTSA kwa Kenya. Hili huhusu zaidi wanaofikiria koili au chesisi mpya.

Kuweka kwenye mizani

Njia zote tano zikilinganishwa, maswali mawili huamua karibu kila kitu: chesisi imebaki na nini, na gari litabeba nini.

Chesisi ikiwa nzima na gari ni la kazi, springi mpya za kipimo cha asili ndizo zenye hoja nzito. Hazidai mabadiliko, hustahimili kuzidishiwa mzigo, na uchakavu wake hujulikana mapema. Kuongeza pleti kunaruhusiwa hapa, kwa kipimo.

Chesisi ikiwa nzima na gari ni la matembezi, la familia au la wageni wachache, paraboliki inastahili bei yake, mradi shokapu zinazolingana nayo zimo kwenye bajeti tangu mwanzo. Pwani, ule urahisi wa kusafishika ni sababu ya ziada.

Chesisi ikiwa imeoza mahali pachache panapojulikana, pesa ya kwanza ni ya chuma. Palipooza pakatwe hadi kwenye chuma safi, kiraka kisibandikwe juu ya kutu, kwa maana kiraka hicho hufungia unyevu ndani. Wakati huo springi zilizopo zifunguliwe, zisafishwe na zirudishwe. Gari linaweza kungoja springi mpya mwaka mmoja. Kikono cha springi kilichooza hakingoji.

Chesisi ikiwa imekwisha kabisa, mjadala wa springi usimame. Chesisi mpya zilizochovywa kwenye zinki iliyoyeyuka, kwa joto la karibu nyuzi 450, hutengenezwa Uingereza na watengenezaji kama Richards na Marsland. Gharama yake pamoja na meli na ushuru ni kubwa, lakini humaliza tatizo la kutu la chini kwa miaka mingi. Hapo tu ndipo hata koili inapoweza kujadiliwa kwa akili iliyotulia, kwa sababu kila kitu kimefunguliwa na chuma ni kipya.

Njia ambazo hazishindi katika hali yoyote ni mbili: springi ya mtumba kama suluhisho la kudumu, na koili iliyochomelewa kwenye chesisi ya zamani yenye kutu. Ya kwanza inapoteza pesa. Ya pili inaweza kuiachia ekseli gari likiwa barabarani.

Kwa kifupi, gari lisilopungukiwa sana linahitaji vitu vinne vinavyonunuliwa kwa pamoja: springi za upande na ekseli sahihi, bushi zote, bolti na sheko mpya, na shokapu za urefu unaolingana. Kununua kimoja leo na kingine mwakani ni kulipia ufunguaji uleule mara nne. Mwenye Land Rover anayejiandaa kwenda Kariakoo au Kirinyaga Road kutafuta spea alipandishe gari lake kwenye stendi kwanza, aligonge kwa nyundo kutoka mbele hadi nyuma, aandike palipobonyea, na aende dukani na karatasi hiyo mkononi.